Mabaharia wa Lancaster, mji usio na bahari

Lancaster haina bahari. Ni mji wa Pennsylvania, magharibi ya Philadelphia, nchi ya mahindi na ng'ombe wa maziwa, ambako Waamishi, Wakristo wanaokwepa mambo ya kisasa, bado hupita barabarani na vigari vyao vya farasi. Nilikwenda huko kuwatafuta mabaharia.

Mchoraji Charles Demuth alizaliwa Lancaster mwaka 1883 na akafia huko huko mwaka 1935. Wengi wanamjua kwa picha yake ya mafuta ya mwaka 1928, ile yenye tarakimu 5 ya dhahabu iliyoko jumba la sanaa la Metropolitan, New York. Wengine wanamjua kwa maghala ya nafaka ya mji wake, picha aliyoiita "My Egypt". Mimi huchora kwa rangi za maji nikitoka zamu, na Demuth nilimpenda kwa karatasi zake ndogo. Katika hizo kuna mabaharia. Alianza kuwachora wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, New York ilipojaa vijana wa jeshi la majini, na mwaka 1930 alikuwa bado anawachora: wanacheza dansi, wamelala ufukweni, wanakojoa bega kwa bega, mmoja amesimama karibu mno na mwanamume wa kiraia. Demuth alikuwa mwanamume aliyependa wanaume, na karatasi hizi zilikuwa za macho yake na ya rafiki zake.

Nauli ya treni kutoka Philadelphia ilikuwa imepanda karibu mara mbili ya bei niliyoiona wiki iliyotangulia, kiti kile kile, njia ile ile. Nikalipa. Tulipopita Downingtown treni ikapunguza mwendo, ikasimama katikati ya mashamba, na kiyoyozi kikazima. Ilikuwa Julai. Njia ile inaendeshwa kwa umeme wa nyaya za juu, na kondakta akapita akisema kuna hitilafu mbele, tuwe na subira. Madirisha hayafunguki. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga akamvua nguo zote akabaki na nepi, akawa anampepea kwa gazeti. Sote tulikuwa tunamtazama yule mtoto na kutoa ushauri, hata wale ambao kwa kawaida hawaongei na mtu ndani ya treni. Maji yalikuwa yanauzwa kwenye behewa la pili, chupa ndogo dola 4, na muuzaji hakupunguza hata baada ya joto kupanda. Hilo liliniuma kuliko kuchelewa. Mtu hauzi maji kwa bei hiyo watu wakiwa wamefungiwa ndani.

Umeme uliporudi, saa za mchana zilikuwa zimekwisha kuliwa, nami nilijua nyumba ya Demuth hufunga kabla ya jioni. Stesheni ya Lancaster iko nje kidogo ya katikati ya mji, kwa hiyo nikaita gari kwa simu. Dola 14 kwa safari ya dakika chache. Nilipofungua mlango nikakutana na kwaya ya Kiswahili imefunguliwa sauti, na dereva akiitikia.

Lancaster imepokea wakimbizi kwa miaka mingi, na Wakongomani wamo wengi. Nilikuwa nimesoma hayo. Kukutana nayo ni jambo jingine. Nikamwambia, "Salama, ndugu yangu?" Akageuka mzima mzima.

"Wewe ni mutu ya Mombasa," akasema. "Kiswahili yako inaimba."

Yeye alikuwa wa Uvira. Alikaa kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, hadi ndevu zikamwota, kisha akaletwa hapa na mama yake na wadogo zake. Tukaulizana habari za nyumbani, mimi nikalalamika bei ya treni, yeye bei ya bima ya gari. Kisha akauliza kule East King Street naenda kwa nani.

"Nakwenda nyumba ya mchoraji. Amekufa zamani."

"Alikuwa anachora nini?"

Ningeweza kumjibu kwamba alichora maua. Nisingekuwa nimedanganya, maua ya Demuth ni mazuri kupita kiasi, na bustani ya mama yake ndiyo iliyomfundisha. Nyumbani nilizoea kusema maua. Ukiulizwa unapenda nini, umemwona nani, kwa nini huoi, unasema maua, na watu wema wanakubali kuyapokea ili nanyi muendelee kuishi mtaa mmoja. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye behewa lile la moto kwa ajili ya mabaharia.

"Alichora mabaharia," nikasema. "Alikuwa akipenda wanaume wenzake, na aliwachora kama alivyowapenda."

Akapunguza kwaya. Tukafika kwenye taa nyekundu, ikawa kijani, tukapita, tukafika nyingine. Nilikuwa najiandaa kuteremka palepale kama angesema neno baya. Aliposema, aliuliza hivi:

"Na mama yake alijuaka?"

Sikuwahi kuulizwa swali hilo juu ya Demuth, na ndilo swali lenyewe. Nikamwambia ninayoyajua. Mama yake, Augusta, alikaa naye nyumba moja hadi siku aliyokufa, akaishi baada yake hadi mwaka 1943. Mwanawe alikuwa kilema wa nyonga tangu utotoni, akitembea na fimbo. Alikwenda Paris zaidi ya mara moja, alikaa Provincetown na New York na rafiki zake, na kila mara alirudi kwa mama. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1920, madaktari wakagundua ana kisukari.

"Alikuwa na sukari?" Sasa dereva alinitazama mimi badala ya barabara. "Mama yangu iko na sukari. Anapigaka sindano kila asubuyi, mimi njo namusaidia."

Basi hapo akataka kujua yote. Nikamweleza kwamba wakati ule tiba ilikuwa njaa. Demuth alipelekwa kwa daktari Frederick Allen, Morristown, New Jersey, ambaye njia yake ilikuwa kumpunguzia mgonjwa chakula hadi mwili ubaki mifupa, ili sukari isimuue upesi. Ukiponea kisukari, njaa inakungoja. Kisha Toronto ikagunduliwa insulini, binadamu wa kwanza akadungwa Januari 1922, na Demuth akawa miongoni mwa Wamarekani wa kwanza kuipata. Ilimwongezea zaidi ya miaka kumi. Mabaharia wale wa 1930 wote wamo ndani ya miaka hiyo. Bila sindano ile tusingekuwa nao.

Dereva akaegesha gari mbele ya nyumba, akazima injini. Nilidhani ananisubiri nilipe, kumbe anatoka. "Nitaingia na mimi," akasema. "Nione huyu mutu wa insulini." Akanieleza pia, bila ya kuzunguka, kwamba kanisani kwake mambo ya wanaume kupendana hawayakubali, na yeye ni shemasi. Nikamwambia nimesikia. Tukaingia pamoja.

Nyumba ni ya matofali, ya karne ya 18, imebanana na duka la tumbaku la ukoo wao lililoanzishwa mwaka 1770. Utajiri wa kumwezesha mchoraji kilema kutotafuta kazi ulitoka kwenye tumbaku. Nyuma kuna bustani, na ukiinua macho kutoka bustanini unauona mnara wa kanisa la Trinity la Walutheri. Chumba alichochorea kiko juu, kidogo, na dirisha lake linatazama bustani ile. Tulipanda ngazi, nami nikawa nafikiria nyonga yake kwenye kila daraja.

Siku ile ukutani kulikuwa na matunda na maua tu. Mama mzee aliyekuwa akipokea wageni alitueleza kwa upole: rangi za maji huliwa na mwanga, karatasi ikining'inizwa miezi michache hurudishwa gizani ikapumzike kwa miaka, na mabaharia wenyewe wametawanyika kwenye majumba mengine, Cleveland, Chicago, New York. Nilijua hilo lingewezekana, maana nami karatasi zangu nazificha jua. Aliyeudhika ni dereva. "Sasa mabaharia yako wapi?" akauliza kwa Kiingereza, kwa sauti kubwa, na watalii wawili waliokuwa wakisoma maelezo wakageuka. Mama mzee akacheka, akasema tena: Cleveland, Chicago, New York.

Tukasimama mbele ya biringanya. Nawaomba wasomaji wanivumilie hapa, kwa sababu biringanya lile limenikaa kichwani. Zambarau yake haikupakwa mara moja. Ameweka rangi imelowa, kisha akaigandamiza kwa karatasi ya kukaushia wino na kuinyonya, ikabaki na mabaka mabaka, halafu akarudi na tabaka jingine juu ya lile kavu. Pale mwanga unapogonga ngozi ya biringanya hakuna rangi yoyote. Ni karatasi aliyoiacha tangu mwanzo. Kwenye rangi za maji weupe haupakwi. Unauacha, na ukiusahau ukaupitia kwa brashi, umekwenda. Mstari wa penseli unaonekana chini, mwembamba, na sehemu nyingine rangi imekataa kuufuata, imeishia kando yake kama iliyoogopa. Dereva aliinama karibu hadi nikahofia ataambiwa arudi nyuma.

"Huyu alikuwa anakwenda soko mwenyewe," akasema.

Alikuwa sahihi. Soko kuu la Lancaster liko mwendo mfupi kutoka pale. Mtu aliyepimiwa kila tonge na madaktari alikuwa akinunua pichi, peasi na nyanya, anaziweka mezani, anazitazama saa nzima, anazichora. Sijui mtazamo wenye njaa kuliko huo. Na nilipokuwa naangalia pichi zile nikaelewa nilichokijia, ingawa mabaharia hawakuwapo: macho ni yale yale. Kilema mgonjwa, ghorofani, kwa mama yake, katika mji usio na bahari, anamchora kwa kumbukumbu kijana mwenye miguu mizima ambaye kesho ataondoka na meli. Watu huzitaja picha zile kwa haya, kwamba ni za uchafu. Baadhi ni za wazi kabisa, na sitazitetea kwa kusema si za mwili. Ni za mwili. Lakini mwili ule umetazamwa kwa hamu na heshima ile ile aliyotazamia pichi.

Dereva alikataa nimlipe kwa muda alioningoja. Akaniachia namba, akasema nikirudi nifikie kwao, mama atapika. Juu ya mapenzi ya Demuth hakusema tena kitu, wala mimi sikumuuliza.

Usiku nililala chumba cha dola 139 chenye harufu ya zulia lililolowa, na sikulala. Niliiwaza Mombasa.

Nilikua wakati manowari za Kimarekani zilipokuwa zikitia nanga Kilindini. Miaka ya 1980 zilikuwa zikija mara kwa mara, kwa makubaliano ya serikali mbili, na mabaharia wakiteremka mji mzima unajua. Barabara ya Moi inajaa. Wenye teksi, wenye vinyago, wenye baa, wote wanapandisha bei kabla meli haijafungwa. Wazee msikitini wanalalamika, na wana haki ya kulalamika, maana yako mambo mengi ya huzuni yaliyowapata wasichana wetu siku zile. Sisi watoto tulikuwa tunakaa chini ya Pembe za Ndovu tukiwaangalia wakipita, wengine wamevaa kiraia, wengine sare nyeupe na kofia zao za duara. Kila mtu alikuwa anawaangalia. Nadhani ndiyo sababu baharia amewavuta wachoraji wa aina yetu kwa muda mrefu: ni mwanamume ambaye jamii imeruhusu atazamwe. Amevalishwa nguo ya kubana, ametolewa mbele ya watu, yuko mbali na baba yake na shangazi zake, na ana usiku mmoja au miwili. Ukimkodolea macho mwalimu wako au jirani, mtaa mzima utajua. Baharia anakodolewa macho na kila mtu, na jicho lako moja halionekani katikati ya hayo yote. Langu halikuonekana.

Sikuchora hata mmoja wao. Nilichora majahazi, kwa sababu majahazi watalii hununua.

New York sitaielezea. Mnaijua, na kila kitu ni ghali kama mnavyosikia. Nilikuwa nimeandika mapema kuomba kuoneshwa karatasi moja katika chumba ambacho makumbusho huwaruhusu watu kukaa na michoro isiyo ukutani. Ni lazima uache begi, kalamu ya wino hairuhusiwi, unapewa penseli. Wakaniletea "Distinguished Air" ya mwaka 1930, mali ya jumba la Whitney, ndani ya fremu ya kadi, wakaiweka mezani mbele yangu.

Ni ndogo, kama sentimita 41 kwa 31. Watu wako kwenye maonyesho ya sanaa, wanatazama sanamu ya mchongaji Brancusi, ile Princess X, ambayo kwa umbo lake la kufanana na uume iliwahi kuleta kizaazaa Paris mwaka 1920 na kuondolewa maonyeshoni. Kuna baharia, na mwanamume mwenziwe wamekumbatiana mbele ya kadamnasi. Kuna mwanamke wa nguo ya jioni. Na kuna mwanamume mwenye fimbo. Wataalamu wengi wanaona fimbo ile ni ya Demuth, na mimi niliyetoka kupanda ngazi zake sikuwa na shaka. Wote wamekuja kuangalia sanamu, lakini si kila jicho liko kwenye sanamu. Kilichonishika ni jinsi ambavyo hakuna aliyeshtuka. Ni mwaka 1930, Marekani, wanaume hufungwa kwa jambo hili, na ndani ya karatasi ile wawili wamesimama wameshikana na ulimwengu unaendelea na shughuli zake. Alijichorea chumba ambacho hakikuwapo, kisha akaingia na fimbo yake.

Mwaka 1934 Paul Cadmus, kijana wa New York, alichora mabaharia wakiwa likizo ufukweni mwa mto, kwenye turubai kubwa, kwa mradi wa serikali. Katika kundi lile kuna mwanamume anayempa baharia sigara, na walioelewa walielewa. "The Fleet's In!" ilipelekwa jumba la Corcoran, Washington, jeshi la majini likakasirika, ikaondolewa kabla ya umma kuiona pale, na magazeti yakaichapisha nchi nzima. Cadmus akawa maarufu ndani ya siku chache. Turubai ni kitu kikubwa, linahitaji ukuta, na ukuta una mwenyewe. Rangi za maji hukauka dakika chache. Karatasi inaingia ndani ya jalada, jalada linaingia chini ya kitanda, na mama anapogonga mlango kuna biringanya mezani. Demuth alipokufa aliziacha picha zake za mafuta kwa mchoraji mwenziwe Georgia O'Keeffe, na zile za maji kwa Robert Locher, rafiki yake wa miaka mingi. Aliye mbali akapewa za ukutani, wa karibu akapewa za jaladani. Naona alijua alichokuwa akifanya.

Nilikaa na karatasi ile hadi wakaja kuichukua. Niliona mahali ambapo maji yalikusanyika na kukauka na ukingo mweusi kidogo, na penseli iliyochorwa, ikafikiriwa upya, ikachorwa tena kando. Mkono haukuwa imara. Mistari inatetemeka kidogo na ameiacha itetemeke.

Kwa mnaotaka kwenda: msiende Lancaster mkitarajia mabaharia ukutani bila kuuliza kwanza ni nini kimetundikwa, na mwende hata kama hawapo. Bustani iko wazi kwa macho na biringanya linatosha. New York andikeni barua pepe wiki kadhaa kabla, mtaje jina la picha na mwaka wake, mwende na penseli. Philadelphia jumba la Barnes lina karatasi nyingi za Demuth, kwa kuwa Dakta Barnes alikuwa rafiki yake na mnunuzi wake wa mapema, ila kiingilio kinauma.

Na mlioko Mombasa, ingieni Fort Jesus, muombe kuoneshwa michoro ya ukutani ya Wareno, ya karne ya 17. Ni mkaa na udongo mwekundu juu ya chokaa: merikebu, ngome, watu waliosimama. Ilichorwa na askari na mabaharia waliokuwa mbali na kwao, hakuna aliyewaagiza. Mimi nikija likizo Desemba nitakaa mbele yake na karatasi zangu, halafu nitateremka Kilindini nikawachore walioko sasa, Wafilipino, Wahindi, vijana wetu wa Likoni, kwa rangi za maji, na sitachora majahazi.